Kompyuta Isiyowaka Baada ya Sasisho (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza namna kompyuta inavyopokea masasisho; leo tutazame ile iliyoyapokea, ikajizima ili iwake upya, kisha isiwake.

Mwenye kompyuta hiyo aghalabu hudhani kuwa imekufa, ilhali taa inawaka na feni inazunguka, na kila akiiwasha kioo hugeuka buluu, mashine ikajizima na kuanza tena daima dawamu. Ajali ya tarehe 19 Julai 2024 yatosha kuwa shahidi. Asubuhi ile, saa moja na dakika tisa kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilipeleka faili dogo la kusasisha programu yake ya ulinzi, na kwa ila iliyokuwamo, kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, kwa kadirio la Microsoft, zikaanguka, safari za ndege zikavunjwa na hospitali zikaahirisha kazi. Faili lile liliondolewa kabla ya muda wa saa moja na nusu kupita. Walakini zilizokwisha kuanguka hazikunufaika, maadamu programu ile ni miongoni mwa vitu visomwavyo mwanzo kabisa, hata mashine ikaanguka kabla ya kupata wasaa wa kupokea sahihisho kwa intaneti. Ikawalazimu mafundi kuziendea moja moja, kuziwasha katika hali salama, ambamo mashine hupakia yale ya dharura tu, na kufuta faili ambalo jina lake laanza kwa C-00000291.

Kanuni ni ile ile hata kwa kompyuta ya nyumbani: ipunguzie mizigo, kisha uondoe kilichoingia mwisho. Chomoa flashi na printa. Na ikiwa asilimia za sasisho zingali zikipanda, subiri. Ikiwa imekwama yakini, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hata izimike, uiwashe; ukikatiza hivyo mara mbili tatu, Windows hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo mna njia ya kuondoa sasisho la karibuni na ya kuingia katika hali salama. Huenda ukadaiwa ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, wenye tarakimu 48, ambao aghalabu huhifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Basi uutafute mapema, kabla ya msiba.

Fundi akikuambia upesi kwamba dawa ni kufuta kila kitu na kupakia mfumo upya, mzuie kwanza. Namna ya kuokoa mafaili yaliyomo diskini tutaieleza katika sehemu ya tatu.