Je, Kompyuta ya Kikundi Ina Mlinzi wa Leo au wa Jana?

Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta. Pengine haiko ofisini. Inakaa nyumbani kwa katibu, na jioni watoto wake huitumia kwa masomo. Lakini humo ndani mna majina ya wanachama, hisa za kila mtu, na mikopo ambayo haijalipwa. Kumbukumbu hizo zikipotea, ni nani atasema kwa hakika nani amelipa na nani bado? Vikundi huvunjika kwa ugomvi wa namna hiyo.

Virusi vya kompyuta vinaweza kuleta hasara hiyo. Hivi si wadudu. Ni programu zilizoandikwa na watu wenye nia mbaya, nazo huingia kwa flashi, kwa barua pepe, au kwa kitu kilichopakuliwa kwenye intaneti. Vingine huiba neno la siri. Vingine hufunga faili zote, kisha mwenyewe anadaiwa pesa ili afunguliwe. Kwa hiyo tunaweka antivirusi, yaani programu ya ulinzi. Shida ni kwamba tukishaiweka tunasema, basi, tumemaliza.

Mambo mawili tusiyachanganye

Chukua mfano wa mlinzi wa usiku. Kila siku unampa orodha ya wezi waliojulikana. Antivirusi nayo huchukua orodha mpya ya virusi kwenye intaneti, mara nyingi kila siku. Hilo ni jambo la kwanza.

Sasa, mwizi akibadilisha nguo na sura je? Mlinzi wa orodha peke yake atampita. Anatakiwa mlinzi aliyefundishwa kutazama matendo: huyu mtu anafanya nini dirishani saa nane usiku? Ndiyo maana watengenezaji hutoa toleo jipya la programu yenyewe. Hilo ni jambo la pili. Tena, toleo likizeeka sana, mtengenezaji huacha kulitumia orodha. Mlinzi yupo mlangoni, lakini karatasi aliyoshika ni ya zamani.

Funzo la mwaka 2017

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi nyingi kwa siku moja. Kilifunga faili na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba ufa huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili mbele. Kompyuta nyingi zilizoumia hazikuwa zimewekewa.

Ufa ule ulikuwa katika Windows yenyewe. Kwa hiyo antivirusi mpya juu ya Windows iliyoachwa ni kufuli jipya kwenye mlango uliooza. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muulizeni fundi kompyuta yenu ina ipi.

Namna ya kubadilisha bila hasara

1. Nakili kumbukumbu kwanza. Ziweke kwenye flashi safi, kisha uichomoe kabisa. Hesabu za mwezi zichapwe kwa karatasi pia.

2. Tazama ulicho nacho. Fungua antivirusi yako uone jina, toleo, tarehe ya orodha ya mwisho, na kama leseni bado ina siku. Namba ya leseni iandikwe kwenye daftari la kikundi, si kichwani mwa mtu mmoja.

3. Chukua toleo jipya kwa mwenyewe. Tumia kitufe kilicho ndani ya programu au tovuti ya mtengenezaji. Ukiona tangazo limeruka ghafla likisema ati kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa, usibonyeze. Pia ikatae nakala iliyovunjwa leseni, hata ukipewa bure. Mara nyingi mwizi huja ndani ya nakala kama hiyo.

4. Usiweke walinzi wawili. Kama mtengenezaji ni yule yule, kwa kawaida toleo jipya hushika nafasi ya lile la zamani. Kama unahamia kwa mtengenezaji mwingine, ondoa kwanza ile ya zamani, zima kompyuta uiwashe tena, ndipo uweke mpya. Antivirusi mbili zikifanya kazi pamoja hushukiana, na kompyuta inakuwa nzito kama punda aliyebebeshwa mawe.

5. Maliza kazi. Chukua orodha mpya mara moja, kisha uamuru ukaguzi wa kompyuta nzima. Unaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hivyo chagua siku ambayo stima ni ya kutegemewa. Baadaye kagua flashi zote, hasa zile zilizotoka saiba, kabla ya kuzifungua.

Je, ni lazima kununua?

La. Windows 10 na 11 zina antivirusi yao, Microsoft Defender, isiyodai malipo ya ziada. Ukiweka nyingine, hiyo hukaa kando. Ukiiondoa ile nyingine, kwa kawaida hurudi kazini yenyewe. Hakikisha kwa kufungua ukurasa unaoitwa Windows Security. Lakini hata ya bure hula bando, kwa hivyo pesa ya bando ipangwe katika mkutano na kuandikwa. Katibu asiachiwe mzigo huo peke yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bando la leo ni nafuu kuliko kukaa siku tatu mkikumbushana nani alikopa nini.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Kompyuta yetu ikifa leo, nakala ya hesabu iko wapi?
- Antivirusi yetu ilipata orodha mpya lini mara ya mwisho?
- Ni nani atakayeitazama kila wiki, na nani atamsaidia akiwa safarini?