Kubeti Hoki ya Barafuni kwa Njia ya Mtandao

Mechi ya hoki ya barafuni katika NHL, ligi ya timu 32 za Marekani na Kanada, huchezwa kwa vipindi vitatu vya dakika 20, na kwa kawaida timu zote mbili kwa pamoja hufunga mabao kama sita. Mabao yakiwa machache hivyo, kisahani kimoja (ndicho mpira wa mchezo huu) kilichogonga mwamba na kuingia hutosha kumwangusha kigogo. Kwa hiyo anayebeti mchezo huu hana budi kuangalia bei kabla ya jina la timu.

Bei hiyo ndiyo odi. Kampuni ya kubeti ikitoa odi ya 1.90 kwa kila upande, aliyeweka dau la dola 100 akashinda hupokea dola 190. Ili asile hasara, lazima apatie takriban mara 53 katika kila 100; nusu kwa nusu haitoshi. Pengo hilo ni chumo la kampuni. Mtandao husaidia kweli hapa, kwa sababu mtu anaweza kulinganisha kampuni kadhaa kwa dakika chache. Akipata 1.98 kwingine, kiwango hicho hushuka hadi chini kidogo ya 51. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na inazidi kwa mbali bonasi zinazotangazwa kwa kelele.

Habari nazo hufika upesi. Kila timu hucheza mechi zaidi ya 80 katika msimu wa kawaida, wakati mwingine siku mbili mfululizo, hivyo golikipa wa kwanza hupumzishwa. Jina la atakayekaa langoni likijulikana, odi hubadilika papo hapo.

Hendikapu ya kawaida ni 1.5: timu inayopewa nafasi kubwa lazima ishinde kwa mabao mawili au zaidi. Dakika za mwisho, timu iliyo nyuma kwa bao moja humtoa golikipa na kuingiza mshambuliaji wa ziada. Lango likibaki tupu, ushindi wa bao moja mara nyingi hugeuka kuwa wa mawili. Ni vyema pia kusoma masharti ya mkeka, yaani tiketi ya kubeti, maana baadhi ya madau huhesabu dakika 60 tu na mengine hujumuisha muda wa nyongeza na penalti.

Soko hili lilipanuka baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kufuta, Mei 2018, sheria ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu ubashiri wa michezo. Kanada iliruhusu kubeti mechi moja moja Agosti 2021. Awali mkeka halali ulilazimika kuunganisha mechi kadhaa. Jimbo la Ontario nchini humo likafungulia kampuni binafsi za mtandaoni Aprili 2022.

Urahisi huohuo wa mtandao ndio hatari yake. Odi za mechi inayoendelea hubadilika kila dakika, na aliyepoteza kipindi cha kwanza hushawishika kufidia hasara katika cha pili, simu ikiwa mkononi. Kanuni za Ontario zinazitaka kampuni zimwezeshe mteja kujiwekea kikomo cha fedha au kujifungia kabisa, na tangu Februari 2024 jimbo hilo limezuia wanamichezo kutangaza kubeti, isipokuwa katika ujumbe wa kuhimiza tahadhari.