Kuisaka breki iliyopotea ndani ya seli

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Mwaka uliofuata alichapisha habari za uvimbe huo, ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapo Mulago mwaka 1967 kwa sababu ya ugonjwa huohuo.

Kiini chake ni jeni ya MYC, inayohimiza seli kugawanyika. Hukatika kwenye kromosomu ya 8 na kuhamia kwingine, mara nyingi kromosomu ya 14, ambako hufanya kazi bila kupumzika. Seli huwa na breki yake: jeni ya TP53, kwenye kromosomu ya 17, ambayo huizuia seli iliyoharibika isigawanyike, au huilazimisha ife. Tunarithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Zikiharibika, MYC haina wa kuizuia.

Kuona kama nakala imepotea, maabara hutumia vipande vifupi vya DNA vilivyotiwa rangi inayong'aa. Kipande chembamba cha uvimbe hupashwa moto mpaka nyuzi za DNA ziachane, kisha vipande vile hulazwa nacho usiku kucha kwenye nyuzijoto 37, vishikamane na jeni inayolingana navyo. Chumba huzimwa taa, darubini huwashwa. Chekundu ni TP53, kijani ni sehemu ya katikati ya kromosomu ya 17. Seli nzima huonyesha nukta mbili nyekundu na mbili za kijani. Nyekundu ikibaki moja na kijani mbili, nakala moja imetoweka. Mtaalamu huhesabu seli nyingi, maana kisu huweza kukata seli na kuiacha nukta nje.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Katika limfoma ya Burkitt, TP53 mara nyingi haipotei. Hubadilika herufi moja tu, na nukta nyekundu huwaka kama kawaida. Hapo lazima jeni yenyewe isomwe herufi kwa herufi. Na nyama iliyokaa mno kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, huchakaa DNA yake, nukta zikafifia.

Uvimbe huu huweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto mwenye taya lililovimba na meno yaliyolegea asiishie kung'olewa meno. Apelekwe hospitali akakatwe kinyama cha kupimwa.