James MacMillan: Mtunzi wa Okestra na Wimbo wa Katikati

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, namba 121, unawataka watunzi wa muziki mtakatifu wasitunge kwa ajili ya kwaya kubwa tu. Wazikumbuke pia kwaya ndogo, na wawawezeshe waamini wote kushiriki. Ni rahisi kuyasoma maneno hayo. Lakini mtunzi aliyezoea okestra, akiombwa atunge kiitikio cha mistari miwili kwa watu wasiojua noti, mara nyingi huona ameshushwa cheo. Sir James MacMillan wa Scotland hakuona hivyo.

Alizaliwa mwaka 1959 Kilwinning, akakulia Cumnock, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe. Babu yake mzaa mama alikuwa mchimbaji, mpigaji katika bendi ya mgodi na mwanakwaya kanisani. Ndiye aliyempa mjukuu wake tarumbeta ya kwanza. MacMillan alisoma muziki Edinburgh, akapata shahada ya udaktari Durham mwaka 1987, na akafundisha Chuo Kikuu cha Manchester.

Kazi yake inayopigwa sana ni Veni, Veni, Emmanuel ya mwaka 1992, iliyotungwa kwa okestra na mpiga ngoma mmoja. Wa kwanza kuipiga alikuwa Evelyn Glennie, ambaye alipoteza usikivu tangu utotoni! Msingi wake ni wimbo wa kale wa Majilio. Mtunzi aliianza Dominika ya kwanza ya Majilio mwaka 1991, akaimaliza Dominika ya Pasaka iliyofuata, na tarehe hizo zina maana. Ndani yake yanasikika mapigo ya moyo, ishara ya Kristo aliyetwaa mwili. Mwishoni wanaokestra wenyewe wanagonga vipande vidogo vya chuma, kengele zinapigwa, na Majilio yanageuka kuwa Pasaka. Hakuna neno hata moja linaloimbwa, lakini mwenye kuifahamu kalenda ya liturujia anaelewa.

Mtu huyohuyo, kwa miaka kadhaa, aliongoza kwaya ndogo ya parokia ya Mtakatifu Columba, Maryhill, jijini Glasgow. Wanakwaya hawakuwa wataalamu. Kila wiki aliwatungia wimbo wa katikati mpya kwa ajili ya Dominika. Anayedhani hiyo ni kazi ndogo na ajaribu. Kiitikio lazima kishikwe na waamini wakikisikia mara moja tu. Kisipande juu mno hata wazee wakanyamaza. Maneno ya zaburi yasizikwe na madoido. Na bado kiwe muziki wenye uzuri, si zoezi la darasani. Kwenye okestra mtunzi anaweza kujificha nyuma ya sauti nyingi. Kwenye kiitikio hana pa kujificha.

Pengine ndiyo sababu, Papa Benedikto XVI alipozuru Uingereza mwaka 2010 na kumtangaza John Henry Newman kuwa Mwenyeheri, Misa iliyotungwa na MacMillan kwa heshima ya Newman iliimbwa na umati mkubwa Glasgow na Birmingham. Mwaka 2018 Stabat Mater yake iliimbwa katika Kikanisa cha Sistina, Vatikano. Sioni mgongano wowote kati ya Sistina na Maryhill.

Kwa mafrateri, kazi yake ya ualimu ina jambo la pekee. Katika Chuo Kikuu cha St Andrews, ambako yeye ni profesa katika kitivo cha teolojia, alishiriki kuanzisha mpango uliowaunganisha watunzi vijana sita na wanateolojia. Kila mtunzi alikaa na mwanateolojia wake juu ya somo moja la Agano la Kale ambamo Mungu anasema na mwanadamu, wakalisoma na kulijadili, ndipo mtunzi akaandika wimbo wa kwaya. Kwanza Neno, kisha noti. Nyimbo hizo zilirekodiwa na kwaya ya kikanisa cha chuo hicho.