Vipuri vya Misumeno ya Zamani: Katwe Watengeneze Nini, na Nani Alipe?

Katika mashamba yetu na katika misitu ya mikalitusi inayotoa kuni za viwanda vya chai, bado inafanya kazi misumeno ya mnyororo iliyonunuliwa kabla waendeshaji wengine hawajazaliwa. Unaojulikana sana ni Stihl 070. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 106, pistoni ni ya milimita 58, inawaka kwa platini, na haina breki ya mnyororo. Ni mzito na una kelele, lakini hukata magogo makubwa mchana kutwa. Waajiri wanaupenda kwa sababu haufi upesi. Basi kila kipuri kinapokwisha, mwendeshaji huambiwa, "Nenda Kampala katafute."

Kampala imezoea kazi hiyo. Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke nchini, maduka mengi ya vipuri na karakana nyingi zilikuwa mikononi mwao. Baadaye fedha za kigeni zikaadimika, na kipuri kikionekana kiliuzwa kwa bei ya magendo. Wahunzi na wakerezaji wa Katwe wakawa tegemeo la wenye magari na mashine: unapeleka chuma kilichovunjika, wanapima, wanakutengenezea kingine. Ufundi huo upo mpaka leo. Mtu huanzia Kiseka kwenye maduka ya vipuri, na akikosa anashuka Katwe.

Lakini kabla ya kumlipa mkerezaji, soma namba. Beringi hazina kabila. Ikiandikwa 6203, basi tundu lake ni milimita 17, upana wa nje 40 na unene 12, iwe imetoka kwenye msumeno, jenereta au pampu ya maji. Kama ya zamani ina alama C3, tafuta yenye C3, kwa maana injini hupata moto na beringi iliyobana hukwama. Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo. Hata kondensa ya platini si lazima iwe ya msumeno. Ya pikipiki hufanya kazi ikipata nafasi ya kukaa. Watu wengi wametupa injini nzima kwa ajili ya kitu kidogo kama hicho.

Vingine hutengenezwa vizuri kabisa. Gasketi hukatwa kwa karatasi yake, ila unene uwe uleule, maana ya chini ya silinda ikiwa nyembamba sana pistoni inaweza kugonga juu. Bushi hukerezwa kwa shaba. Meno yale ya chuma yanayoshika gogo hukatwa kwenye springi ya lori. Puli ya kamba ya kuwashia husubiwa kwa aluminiamu ya pistoni chakavu, katika kalibu ya mchanga, halafu ikakerezwa. Ubapa unaozungukwa na mnyororo ukiota ncha kali pembeni, usiutupe: upige tupa, na mfereji uliopanuka uugonge polepole mpaka mnyororo ukae bila kulala upande.

Kiwambo cha kabureta ni jambo jingine. Nimeona watu wakikikata kwenye tyubu ya baiskeli. Petroli huvimbisha mpira huo, kisha injini inapata mafuta isivyo sawa na kuzimika kila mara. Nunua chenyewe.

Sasa vile ambavyo fundi asiguse, hata akiwa hodari namna gani. Mnyororo wa aina hii, uliobuniwa na Mmarekani Joseph Cox mwaka 1947 baada ya kumtazama buu akitafuna mti, hukimbia kiasi cha mita 20 kwa sekunde. Kiungo kilichochomelewa kikikatika, kipande hutoka kama risasi. Mnyororo hurekebishwa kwa viungo na ribiti za saizi yake, au ununuliwe mwingine. Gurudumu la injini lenye sumaku likipata ufa, litupwe. Klachi iliyochomelewa vivyo hivyo. Ikipasuka kwenye mwendo mkubwa, vipande vinaelekea miguuni kwako.

Na msumeno usio na breki, ncha ya ubapa ikigusa kuni, huruka juu kuelekea uso wa aliyeushika. Breki za mnyororo zilianza kuwekwa kwenye misumeno miaka ya 1970. Hakuna fundi wa Katwe atakayekuwekea breki hiyo juu ya mashine ya zamani. Kwa maoni yangu, msumeno wa namna hiyo ufungwe mahali pa kupasulia magogo yaliyokwisha lala chini, usipelekwe kukata matawi wala kuangusha miti. Mwajiri akisema mpya ni ghali, aulizwe bei ya mguu.

Kuna shamba moja ambako waendeshaji walikuwa wakikatwa mshahara kwa kila mnyororo uliokwisha makali. Matokeo yake wakawa wanaficha mnyororo mbovu na kuendelea nao. Mnyororo ni chombo cha kazi kama lori lilivyo. Dereva halipi tairi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri aweke mashine katika hali ya usalama na atoe vifaa vya kujikinga, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Soma sehemu hiyo pamoja na katibu wa tawi kabla hujagoma kushika msumeno, ili uwe na maneno ya kumwambia msimamizi.

Kwa hiyo kila tawi lenye waendeshaji lifungue daftari: aina ya msumeno, kipuri kilichobadilishwa, kilinunuliwa au kilitengenezwa wapi, nani alilipa, na tarehe. Viongozi wa matawi walete madaftari hayo tutakapokaa na waajiri kuzungumzia mkataba, tudai fungu la vipuri liandikwe humo.