Mtafiti akibisha hodi: kwa nini wanasayansi chipukizi hufundishwa kuzungumza na wananchi

Mzazi akiambiwa kwamba matokeo ya mtoto wake ni "chanya", huenda akamshukuru Mungu. Kumbe ameambiwa mtoto ana malaria. Kwa mtafiti aliyetoka chuoni juzi neno hilo halina utata wowote, wala hatajua amempotosha mzazi mpaka aonyeshwe.

Hapa Kilifi tumeishi na watafiti tangu 1989, KEMRI na Wellcome Trust walipoanzisha kituo chao. Ujirani huo haukukosa uvumi. Damu ilipochukuliwa, wapo walionong'ona habari za mumiani. Wengine walidhani utafiti ni matibabu, na hilo halishangazi, maana anayekuja amevaa koti jeupe. Kuwakemea watu hakusaidii.

Katika mafunzo ya aina hii, mtafiti hueleza kazi yake kwa dakika chache mbele ya watu wasio wanasayansi, kisha wao humwambia walichosikia. Mara nyingi sicho alichokusudia. Akirudia, "mililita 5 za damu" zinageuka kijiko kimoja cha chai.

Takwimu ndizo ngumu zaidi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Kilifi. Kwa walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, visa vya malaria vilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka 4 hivi. Mtafiti akisema tu "chanjo inafanya kazi", kuna mzazi atakayekunja neti na kuiweka kabatini. Akisema kwamba kati ya kila visa 100 ambavyo vingetokea, karibu 36 vilizuiwa, mzazi anajiona mwenyewe kwa nini mtoto bado alale ndani ya neti.

Nawe mkazi una sehemu yako. Utafiti wowote unaohusisha watu lazima uidhinishwe na kamati ya maadili na upate leseni ya NACOSTI, omba kuonyeshwa. Uliza wanachukua nini, kinapelekwa wapi, na majibu utapewa lini. Unaweza kukataa, au kukubali leo na kujiondoa kesho, na mtoto wako ataendelea kutibiwa hospitalini kama kawaida. Ikiwa hujaelewa, usitie sahihi. Mwambie arudie, kwa Kigiriama ikibidi.