Je, sauti huzunguka au hutuzingira?

ISTILAHI mbovu huharibu kazi. Wanafunzi wangu wa isimu hudhani natia chumvi nisemapo hivyo. Leo nitachukua mfano kutoka ufundi wa sauti, uwanja ambao vijana wetu wameuvamia kwa kishindo ilhali Kiswahili chake bado hakijatulia.

Ipo sauti ya filamu ambayo humfikia msikilizaji kutoka mbele, kando na nyuma. Mafundi huiita 'saraundi', na wengine huitafsiri 'sauti ya kuzunguka'. Hiyo tafsiri ina walakini. Kitu kinachozunguka huenda mviringo, kama gurudumu. Hapa spika zimetulia mahali pake na aliye katikati ni msikilizaji, kwa hiyo kitenzi kinachofaa ni 'zingira'. Najua kina harufu ya vita, lakini hata ua huzingira boma na hakuna anayepigana. Mimi napendelea 'sauti ya mzingo', kwani katika hisabati 'mzingo' ni mpaka wa umbo pande zote.

Kuna atakayesema huu ni ubishi wa maprofesa. Haya, sikiliza. Hapa Kenyenya kijana mmoja alikuwa akihariri filamu fupi kuhusu mchezaji wa obokano, ile ala ya Abagusii yenye nyuzi nane. Mwenzake aliye Nairobi akamwagiza kwa simu: "Zungusha sauti ya obokano." Naye akaizungusha kweli kweli! Alikesha akiihamisha kutoka spika hadi spika, na ilipochezwa ukumbini, obokano ikawapita watu masikioni kama nzi. Kumbe mwenzake alitaka tu mwangwi wake usikike pande zote.

Mbona hakuling'amua hilo nyumbani? Sauti aliyokuwa akiitengeneza, inayoandikwa 5.1, ina mikondo sita: mbele kushoto, kati, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na wa sita wa sauti nzito pekee, zisizozidi hezi 120 hivi. (Hiyo nukta si ya desimali, 'moja' ni huo mkondo mzito.) Sasa, tundu la hedifoni kwenye tarakilishi hutoa mikondo miwili tu. Programu hulazimika kuifinya sita iwe miwili. Kwa kawaida mkondo wa kati hupunguzwa desibeli 3 na kupelekwa pande zote mbili, ya nyuma huchanganywa na ya mbele ya upande wake, na ule mzito mara nyingi huachwa kabisa. Ala iliyo mbele kushoto na iliyo nyuma kushoto zote husikika katika sikio la kushoto. Mzunguko mzima kwake ulikuwa kuyumba kulia na kushoto, jambo ambalo halikumtia shaka.

Vijana huita kila usikilizaji wa kukagua 'priviu', nami naona tunahitaji majina matatu. La kwanza ni 'kufinya', kama nilivyoeleza. La pili ni 'kuiga mzingo': ubongo hutambua upande wa sauti kwa tofauti ndogo ya wakati na ukubwa baina ya masikio, na kwa namna umbo la sikio linavyoibadilisha, basi programu huzipiga hesabu tofauti hizo na kuzitia ndani ya hedifoni. Lakini masikio hayafanani, na wengi huchanganya mbele na nyuma. La tatu ni 'mzingo kamili', yaani spika zenyewe. Kadi ya sauti ya tarakilishi ya mezani inaweza kuwa na matundu ya rangi: kijani kwa spika za mbele, nyeusi kwa za nyuma, chungwa kwa ya kati na wufa.

Na tafadhali tusiseme 'weka kipaza sauti nyuma'. Kwetu Kenya neno hilo hutaja kile unachosemea na kile kinachotoa sauti pia. Maikrofoni na spika yanatosha, hata kama ni ya kukopa.

Ipo pia hatari ya mpangilio. Faili nyingine hupanga kushoto, kati, kulia, nyuma mbili, kisha mzito. Nyingine hupanga kushoto, kulia, kati, mzito, kisha nyuma mbili. Kabla ya kuhariri, jirekodi ukitaja jina la kila mkondo, uliweke jina hilo katika mkondo wake, kisha usikilize, hata kwa hedifoni. Ukisikia 'kati' katika sikio la kulia peke yake, nayo 'nyuma kushoto' isisikike kabisa, ujue faili ni ya mpangilio wa kwanza na programu inaisoma kwa wa pili: 'nyuma kushoto' imeingia katika mkondo mzito, ule unaoachwa.